Bibi Akitupa Jembe

Nilipokuwa kidato cha tatu sikuwa mtu wa kunyoosha mkono darasani. Mwalimu akinitaja tu, nainamia daftari. Lakini Jumamosi, mama akiniruhusu kutoka sokoni, nilipita intaneti kafe ya karibu na stendi, nikafungua daftari langu na kunakili kurasa zake kwenye blogu niliyoianzisha bila kumwambia mtu. Jina langu sikuliweka. Niliandika ya nyumbani: upepo wa Juni unaopasua midomo, ulezi unavyopurwa, mambo ya bibi yangu.

Habari iliyoniponza ilikuwa ya jembe. Kijijini kwa bibi, juu kabisa kabla barabara haijateremkia Ilemba, mvua ya mawe ikianza wazee hutupa jembe uani ili mazao yapone. Bibi naye hutupa. Nikaandika, nikicheka peke yangu mbele ya kompyuta: "Bibi akitupa jembe, mawe yanahama kwetu yanakwenda kwa jirani."

Mwaka ule mawe yalikuwa yamepiga kwa jirani kweli. Sikuliwaza hilo. Nilikuwa natafuta sentensi nzuri ya kumalizia.

Maoni ya kwanza yalitoka mbali. "Ungo wa Sumbawanga kuja Dar unaondoka saa ngapi?" Mwingine: "Dada, bibi yako anabeba na abiria wa njiani?" Mwingine alisema Kiswahili changu ni cha shambani, niache kalamu nikapalilie. Hilo la Kiswahili nililililia kidogo. Ya ungo, kwamba kwetu wachawi huruka nao usiku, tumeyazoea. Ukisema unatoka Rukwa, mtu anakutazama miguu kama inagusa chini.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na maoni mengine, hayana jina. "Maharage ya ng'ambo ya kijito yalilala yote. Tulikuwa tunajiuliza."

Kijito kinachomtenga bibi na jirani sikuwa nimekiandika popote.

Ningefuta siku ileile. Badala yake nikajitia kumtetea: "Bibi yangu ni Mkatoliki, anasali rozari kila siku, msimseme vibaya." Baada ya wiki jibu likaja. "Tunamwona. Benchi la tatu, upande wa akina mama. Kilemba cha bluu."

Nikageuka. Watu wanne walikuwa kwenye kompyuta, wote wamenipa mgongo.

"Vipi mdogo wangu, mtandao umekata?" akauliza dada wa kafe.

"Hapana, dada. Nataka kufuta kitu."

"Si ufute tu."

Nikafuta blogu nzima, nikajiambia yameisha.

Likizo ya Juni nilikwenda kwa bibi. Kabla sijavua viatu akatoa karatasi iliyokunjwa chini ya mkeka. "Niliikuta imechomekwa mlangoni. Macho yangu si ya kusoma, nikasema namngoja mjukuu wangu."

Ilikuwa habari yangu, imechapwa pamoja na maoni yote. Ningeweza kumdanganya. Nikamsomea. Kwenye jembe alicheka: "Kumbe huwa unanichungulia." Kwenye benchi la tatu akaacha kucheka.

"Hii ya juu kaandika nani?"

"Mimi, bibi."

"Na ya chini?"

"Sijui."

Uji ukafurika jikoni, akaenda kuuepua. "Toka ile mvua, wa ng'ambo hawaji tena kuazima kinu," akasema. "Nikadhani wamechonga chao." Kisha: "Nenda kawaambie ni mchezo wako. Nikienda mimi nitaonekana najitetea."

Nikavuka kijito. Mwenye nyumba alikuwa anapukuchua mahindi na wanawe wawili, watu wazima.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Nikasema yote nimesimama, karatasi mkononi: nimeandika mimi, ni utani wa mtoto, bibi hajui chochote. Alitupa gunzi kando ndipo akaongea.

"Kwa hiyo hatupi jembe?"

"Anatupa, baba. Lakini wazee wote..."

"Nimeuliza anatupa au hatupi."

"Anatupa."

"Na mvua ile alitupa?"

Nilikuwapo siku ile. Niliona. "Alitupa."

Akamgeukia mwanawe mkubwa. "Umesikia. Mjukuu wake mwenyewe."

"Si nilikwambia, baba," yule mwana akasema, hata hakuinua kichwa. "Wa kusema watakuja wenyewe."

"Sisi hatujatamka neno," mzee akaniambia, kwa upole kabisa. "Umetamka wewe. Nenda kamsalimie."

Niliporudi bibi alikuwa mlangoni. "Wamesemaje?"

Sikumwambia. Kwetu kikongwe akishashuhudiwa kuwa mchawi hufuatwa usiku kwa mapanga. Nilisema tufungashe, gari la mchana likipita tuwemo, mama mjini atafurahi. Katika nyumba ile bibi aliingia siku alipoolewa, hajawahi kulala kwingine zaidi ya msibani.

Akaingia ndani, akaanza kutoa shuka kitandani.