Ami Aliyeomba Kura kwa Nguo Nyeusi

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na maneno nitakayoyakosea. Nilisoma hadi darasa la nane, na huandika polepole. Lakini juzi nilisikia harufu ya maji ya waridi, na ami, Mungu amrehemu, akanijia akilini.

Ami yangu alikuwa sheikh wa Kishia huku Kilifi. Aliwahi kuwekwa ndani kwa kuongoza watu kubomoa ukuta uliofunga njia ya pwani. Baadaye akaona mimbari haitoshi, akagombea udiwani. Alikuwa na hoja moja: bomba kubwa la maji lilipita Matsangoni, na vijiji vya nyuma yake vilikaa na kiu.

Siku za mwisho za kampeni zikaangukia Muharram, ambapo sisi huvaa nyeusi kumlilia Imamu Hussein, wala hatupigi ngoma. Mpinzani wake alizunguka na lori la muziki. Karisa, msimamizi wa kampeni yetu, alikuwa karibu kulia.

"Sheikh, bila ngoma watu watadhani tumekufa."

"Basi watakuja kutuzika," ami akamjibu, akaendelea kunyunyiza maji ya waridi msikitini.

Tukaingia kijiji kimoja kimya, sote kwa nguo nyeusi. Akina mama walipotuona walitandika mikeka, wakanyoosha miguu kama matangani. Mmoja akatuletea maji kwenye kata ya kifuu, maji aliyoyafuata mbali tangu alfajiri.

"Poleni, baba. Mmefiwa na nani?"

"Na Hussein, mjukuu wa Mtume. Aliuawa angali na kiu, yeye na watoto."

"Lini?"

"Zamani sana, mama."

Karisa akafunika uso. Nami nikaona haya. Nilidhani tumewadanganya, na kura zimeshakwenda.

Yule mama akauliza, "Na mto ulikuwa mbali?"

"Walikuwa wakiuona. Walizuiwa."

Akavuta leso kichwani. Hakuna aliyeinuka. Ami hakuomba kura siku ile. Alisimulia, wakalia naye.

Kiti alikichukua yule wa lori. Lakini baadaye kijiji kile kilituma ujumbe: Sheikh aje siku ya arobaini, wao watapika. Ami alisoma ujumbe ule akakaa chini. Mimi, kwa utoto wangu, nilicheka kwamba bado hawajajua msiba wenyewe ni wa zamani. Ilinichukua miaka kutambua kwamba walijua siku ileile, na wakaupokea uwe wao.

Kwenu je, mgeni akija na msiba wake hukaa naye kitako? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole.