Jua Lisilotakiwa Merrylands

Kaka yangu mdogo aliposema anaoa Mjapani, Mama Mkubwa aliuliza, "Anakula sombe?" Kaka akajibu kwamba majani yetu ya muhogo anayala, tena anaomba aongezewe. "Basi mlete," Mama Mkubwa akasema, na mambo ya dini, rangi na lugha yakaishia hapo hapo, jikoni kwake Penrith, huku mwiko ukiwa mkononi.

Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama yetu. Ndiye aliyetutoa Uvira, akatulea kambini Kigoma, akatufikisha Sydney. Kwa hiyo sherehe yoyote ya ukoo huu ni yake, hata ile ambayo si yeye anayeolewa. Mimi kazi yangu ni kuendesha gari na kunyamaza. Ya kwanza naiweza.

Baba wa bibi harusi alikuwa anakuja kutoka Japani, mara yake ya kwanza kutuona. Mama Mkubwa akaamua ukumbi upambwe kwa bendera za pande zote mbili. Ya Kongo alikuwa nayo. Ya Japani akaitafuta kwenye simu, mimi nikiwa nimekaa ubavuni pake. Ya kwanza kutokea ilikuwa ile nyeupe yenye duara jekundu katikati. Aliitazama kama mtu aliyeletewa wali bila mboga.

"Hii hawajamaliza," akasema.

Akateremsha kidole, akakuta nyingine. Jua lile lile, ila hili lilikuwa na miale myekundu iliyotawanyika hadi kwenye pindo.

"Ehee! Hapa sasa jua limeamka. Hii ndiyo ya harusi."

Na mimi nikaona inapendeza. Akaagiza mbili kubwa pamoja na kamba ndefu yenye ndogo ndogo za kuzungusha ukutani.

Msitucheke sana. Sisi hatukulelewa kuheshimu bendera kwa undani. Marehemu baba yetu aliishi nyumba moja miaka yote, lakini nchi ilimbadilishia bendera kama mtoto anavyobadilishwa nepi: mara nyota, mara mkono umeshika mwenge kwenye kijani, mara nyota tena. Alisimama wima mbele ya kila moja, akaimba wimbo wake, akarudi nyumbani akakuta njaa ile ile. Ukikulia kwa mtu kama huyo, bendera unaiona kama pazia la serikali.

Ukumbi wetu uko Merrylands, mtaa mmoja wa Sydney, na mwenye nyumba ni kanisa la Wakorea. Wao wanasali asubuhi, sisi tunasali mchana, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo majirani wameizoea. Funguo anazo mzee mmoja wa Kikorea, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Yeye na Mama Mkubwa walikuwa na vita ya muda mrefu kuhusu mafuta yanayobaki kwenye jiko. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kama adui anayejua kazi.

Siku ya sherehe tulifika asubuhi. Nikapanda ngazi, nikatundika yale majua mawili makubwa juu ya jukwaa, na kamba ikazunguka ukumbi mzima. Mama Mkubwa akarudi nyuma, akapiga kigelegele kimoja cha majaribio.

Yule mzee akaingia kuangalia kama tumewasha gesi vizuri. Alifika katikati ya ukumbi, akainua macho, akasimama.

Nilimsalimu. Macho yake yalibaki juu ya jukwaa. Nilidhani presha imempanda, nikaanza kumsogezea kiti.

"Nani ameweka hii?" akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Mimi," Mama Mkubwa akajibu kwa fahari. "Nzuri, eh?"

"Mama, hii ni bendera ya jeshi. Jeshi la Wajapani lilikuja nayo kwetu Korea." Akaionyesha kwa kidole. "Mama yangu alikuwa mtoto wa shule. Walimpa jina la Kijapani, la kwake akakatazwa. Kila asubuhi walipangwa mstari, wakainamishwa kichwa kuelekea kwa mfalme wao. Na wewe umezungusha bendera hii kwenye kanisa letu, kama taa za Krismasi."

Niligeuka kumtazama Mama Mkubwa. Alikuwa anasogea mbali na kamba ya vibendera kama mtu aliyeona nyoka. Yeye alikimbia wanajeshi mara mbili, na mara zote mbili waliingia na kitambaa mbele. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Na ile nyeupe, Mzee?" mimi nikauliza. "Yenye duara tu?"

Akafikiri. "Ile pia siipendi. Lakini ile ni ya nchi. Mtu ana haki ya kuwa na nchi."

Kabla hatujagusa ngazi, mlango ukafunguliwa. Wifi yangu mtarajiwa huyo, na nyuma yake baba yake, mwanamume mfupi mwenye koti jeusi, amekumbatia boksi la zawadi. Alikuwa ameomba aje mapema asaidie kupanga viti. Akatutabasamia. Kisha akaona ukuta.

Sijawahi kuona tabasamu likifa haraka namna ile. Akaona jua, akamwona mzee wa Kikorea, akaweka boksi chini, akainama mbele ya yule mzee mpaka nikaogopa atafikia sakafu. Yule mzee hakujua afanye nini na mgongo wa mtu mzima. Akakohoa.

"Si wewe," akasema hatimaye. "Ni huyu Mama."

"Ni mimi," Mama Mkubwa akakubali. "Nilipenda miale."

Baba mkwe wa kaka akavua koti, akapanda ngazi yeye mwenyewe, akaanza kung'oa. Yule mzee akaenda kuishika ngazi kwa mikono miwili. Nilidhani moyo umelainika, nikaguswa. Akaniambia, "Akianguka, bima ni ya kanisa letu."

Majua yakashushwa. Mama Mkubwa, ambaye hajawahi kutupa kitambaa kizima maishani, akauliza kama angeweza kuyakata yawe matambara ya kudekia. Swali likatafsiriwa. Nilitamani sakafu inimeze. Baba mkwe akacheka, cheko la kwanza, akasema kata tu. Yule mzee akaondoka, akarudi na mkasi.

Wakati wanakata, baba mkwe alitueleza, binti yake akitafsiri. Alisema miale ile ni ya zamani kuliko jeshi, watu waliichora kwa furaha, kwa kheri ya mwaka mpya au mtoto kuzaliwa, halafu jeshi likaichukua na mpaka leo halijairudisha vizuri, kwa sababu manowari zao bado zinaipeperusha. Kuhusu ile nyeupe, alisema hata kwao iliwagombanisha. Shuleni kwake, bendera ilipopandishwa, mwalimu mkuu alisimama na mwalimu wa historia akabaki amekaa kwa makusudi. "Sisi watoto tuliwaogopa wote wawili," akasema, "kwa hiyo tulichuchumaa." Akatuonyesha. Magoti yakalia.

Sasa ukuta mmoja ulikuwa na Kongo, mwingine ulikuwa mtupu, na Mama Mkubwa hawezi kuvumilia ukuta mtupu. Kwenye gari nilikuwa na nguo zangu zilizotoka kufuliwa. Akachomoa shuka langu jeupe, lile lenye lastiki kwenye pembe za kukumbatia godoro. Kitambaa cha meza cha kanisa letu sisi, chekundu, kikatoa duara. Kipimo? Tukamgeukia Mjapani.

Hakujua. Mjapani mzima, aliyeliona jua lile tangu kuzaliwa, hakujua lina ukubwa gani. Binti yake alimcheka mpaka akakaa chini. Baba wa watu akatoa simu, akasoma: upana wa duara uwe sehemu tatu katika tano za kimo cha bendera. Mfuniko wa sufuria ya wali ukawa mdogo. Wa sufuria ya ugali nao ukawa mdogo. Tukaishia kuchora kwa kuzunguka beseni la kuogea mtoto.

Mama Mkubwa akashona kwa mkono, haraka, na lastiki ikamvuta. Alipomaliza, jua lilikuwa limesogea kidogo kushoto, upande ambao mlingoti ungekuwa.

"Limeenda upande," mimi nikasema.

Baba mkwe akasoma tena simuni, akainua kidole kwa furaha. Zamani, kwa kanuni ya kwanza, jua lilisogezwa kidogo sana kuelekea mlingoti. Baadaye sheria ikalirudisha katikati kabisa.

"Basi hii ni ya zamani," Mama Mkubwa akasema. "Ndiyo niliyotaka."

Wifi yangu akalitazama shuka, akasema linamkumbusha bibi yake, aliyemfungashia chakula cha shule: wali mweupe na plamu moja nyekundu, tunda dogo chachu, katikati. "Tuliita chakula cha bendera. Ilikuwa njia ya bibi kusema hakuna mboga."

Mama Mkubwa alinitazama kwa ushindi mkubwa. Si alisema hawajamaliza? Alienda jikoni akasugua jiko la Wakorea mpaka likang'aa, na hiyo ndiyo lugha yake ya kuomba radhi. Yule mzee alipita, akatia kidole, akakitazama, akaitikia kwa kichwa mara moja.

Hakukaa ukumbini jioni ile. Alisema hawezi kula chini ya jua lile, hata likiwa shuka. Alikula jikoni, amesimama. Baada ya hotuba nikamkosa baba mkwe kwenye kiti chake cha heshima, nikamkuta huko huko jikoni na sahani yake, ameegemea friji. Nilijongea nikitarajia mambo mazito ya historia. Walikuwa wanalinganisha vidonge vya presha. Mmoja alitoa vyake mfukoni, mwingine akatoa vyake, wakavitazama kwa makini kama watoto wenye gololi.

Baba mkwe aliporudi mezani alinyoosha kidole kwenye bendera yetu, akauliza rangi zake zina maana gani. Bluu, kaka akasema, ni amani. Mjomba mmoja akacheka kwa sauti. Nyekundu ni damu, hilo hakuna aliyebisha. Njano ni utajiri wa nchi.

"Utajiri wa nani?" Mama Mkubwa akauliza.

Basi yakaanza. Mjomba akapiga meza, shangazi akasimama, kaka akaomba watu wakumbuke ni harusi yake. Mjapani akafuata kila msemaji kwa macho, kijiko hewani, chakula kinapoa.

"Yetu ni jua tu," akasema kwa upole, kimya kilipopatikana.

"Mna bahati," Mama Mkubwa akamwambia, akimwongezea sombe. "Kula."