Shujaa Wetu wa Nguvu Tupu

Ting! Kama kijiko kikigonga sahani ya bati. Ndio mlio uliotoka kwenye televisheni kila mara upanga wa shujaa wetu ulipompiga yule mzimu wa mlangoni, na mzimu asiumie hata kidogo. Juzi nilikuwa naosha vyombo, kijiko kikaniponyoka, ting, nikabaki nimesimama na povu mikononi. Basi wacha nikusimulie, maana jambo ukikaa nalo peke yako linaoza.

Nilikulia Ruashi, upande wa mgodi. Nyumba yetu ilikuwa haijapigwa plasta, lakini baba alikuwa na kazi kwenye tanuru za shaba, na jioni nyua zote zilinukia bukari, ugali wetu, na bitoyo, wale samaki wa chumvi ambao ukiwakaanga jirani naye anashiba harufu. Jirani yetu mwenyewe alikuwa mama mmoja kutoka Butembo, muuza jumla, tukimwita mama wa depo. Wanawe walikuwa na mchezo wa kwenye televisheni. Mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, tulimchotea maji bombani, madumu kwa madumu, naye akatuachia tucheze mpaka jenereta izimwe.

Mchezo tulioupenda ulikuwa mmoja tu. Unaunda mtu wako, unampa jina, anapigana njiani; kila akikua unapewa alama za kumwongezea nguvu, au mbio, au uchawi wa kurusha moto. Siku ya kwanza kambo, bibi yetu, alikuja kutuita tule, akachungulia dirishani, akamwona shujaa akirusha moto.

"Ule anatosha moto mu mikono, njo nini ile?"

"Ni bulozi, kambo," yaya akajibu huku akicheka.

"Basi muache! Batoto ba maombi habachezake na bulozi."

Tukauacha uchawi. Alama zote tukazipeleka kwenye nguvu. Shujaa akawa na mabega kama ya baba akitoka tanuruni, ndiyo maana tukampa jina la baba. Baba alifurahi kama amezaliwa tena. Akikaa mezani anauliza habari za wajina wake: "Na majina yangu, leo amekula?"

Mpaka tukafika kwenye ule mlango. Tulipiga, ting, ting, mzimu anatutazama tu. Mwana mkubwa wa mama wa depo, aliyekwisha kuumaliza mchezo, akatucheka mpaka akashika tumbo.

"Muntu yenu alishakufa, anatembea tu. Mzimu hasikiake chuma, anasikiaka moto. Muanze upya."

"Na huyu?"

"Munamufuta. Nafasi ya kutunza muntu iko moja tu."

"Ufute baba yako weye!" yaya akamrudishia.

Kisha tanuru zikazimika. Hakuna aliyetueleza vizuri. Bei ya shaba imeanguka huko mbali, walisema, na walioleta mashine wakaondoka. Moshi ulipokosekana asubuhi ile tulidhani ni Jumapili, na ikawa Jumapili kila siku. Bukari ikawa mara moja kwa siku, na lengalenga, mchicha wetu, isiyo na mafuta. Baba akakaa kwenye kizingiti, na kila aliyepita alimwambia neno lile lile. Mchungaji alilisema. Hata mtu aliyekuja kununua baiskeli yake alilisema, akiwa tayari ameshaikalia: "Uanze tu upya, tata." Baba akajibu asante. Neno hilo ni jepesi mdomoni mwa mtu ambaye chake bado kipo. Baba akaenda kulima shamba la watu kule Kasungami, na jioni alirudi akiwa na mabega ya mtu mwingine.

Yaya akapata kazi ya kubeba mizigo kwenye lori la samaki, njia ya Kasomeno. Alipokuwa ameshika ubavu wa lori aliniinamia: "Usimufute. Nikirudi tutamupitisha pale pa mulango."

Nikamlinda. Mwana wa mama wa depo aliitaka ile nafasi amwanzishie mdogo wake, nami nikasugua masufuria yao na kufagia depo ili asiiguse. "We nawe! Unalinda muntu wa televisheni kama maiti," alinitania, lakini akangoja.

Yaya alirudi mvua zikiisha, na kofia mpya na sauti nzito. Sikungoja hata anawe mikono.

"Bado iko! Sikumufuta."

"Nani?"

"Shujaa. Majina ya baba."

Akafikiri kwanza. Kisha akacheka, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniuma. "We mutoto, bado unachezaka bile bintu? Si ungeanza tu upya?"

Hata yeye. Baba alikuwa pale pale, akaendelea kutafuna.

Leo kambo tumeshamzika, na mama wa depo alirudi kwao. Tanuru zinawaka tena, ila wanaoziwasha si baba zetu. Yaya ana watoto wake, na mchezo wao unakaa kwenye simu. Wakishindwa wanafuta na kuendelea, hawahuzuniki. Mimi bado ni mtu wa kuota na kucheka, waulize wanaonijua. Lakini mtu akiniambia nianze upya, namwitikia kwa adabu na mate yanakuwa machungu.

Siku ile yaya aliporudi, baada ya chakula, nilikwenda kwa mama wa depo peke yangu. Wanawe walikuwa mpirani. Nikawasha televisheni, nikamgeuza shujaa, nikamtembeza nyuma, mbali na mlango, mpaka mahali penye nyasi ambapo hakuna adui. Nikamvua kofia ya chuma, nikaiweka chini. Nikamvua deraya, na viatu, na mwisho upanga. Akabaki na shati, anapumua polepole kama wanavyopumua wale wa televisheni wakikungoja. Nikamwacha apumue kidogo.

Kisha nikamfuta.