Mzee Anayejua Tumbo la Mbuzi

Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka la dawa hapa Isiolo, nyuma ya mzee mfugaji kutoka Kulamawe. Alitoa salaam aleikum, akaweka kiganja tumboni.

"Daktari, choo imekataa, siku ya tano. Nipe dawa kali."

Mwenye duka, mama wa miwani, hakugusa rafu. "Mzee, unakula nini?"

"Nyama. Wali. Chai ya maziwa."

"Na sukuma wiki? Maharagwe?"

"Majani ni ya mbuzi."

Mama akamweleza kwamba utumboni mna bakteria wanaokula nyuzinyuzi za mboga na nafaka, zile tusizoweza kusaga wenyewe, na wakishiba wanatengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. "Ukiwanyima, wanapungua, nawe unafunga choo."

Nilitarajia abishe. Badala yake aliegemea kaunta. "Hiyo najua. Mbuzi akiacha kucheua, natoa majani mdomoni mwa mwenzake anayecheua, yenye hao bakteria wako, nampa mgonjwa. Tumbo inaamka. Na majani mapya nampa kidogo kidogo, asivimbe."

"Basi na wewe anza kidogo kidogo, na maji mengi."

Mzee akaitazama fimbo yake. "Kumbe nimechunga matumbo yote ya boma, hii yangu nikasahau."

Akatoka bila dawa. Mama akanigeukia: "Na wewe?"

Nilikuwa nimefuata dawa hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mimi sina hata mbuzi mmoja wa kunifundisha.