Kiraka cha Nahodha

Mkwe wangu anachomelea mageti. Jioni hurudi ananuka chuma kilichoungua, anakaa kwenye ngazi ya mlango kuvua buti, na akishavua la kwanza husahau la pili. Naishi nao, yeye na binti yangu, chumba cha nyuma. Mzee kama mimi kazi yake kuzurura, nikichoka narudi.

Jumamosi mchana mtu huyo huyo huwa haramia. Ana bendi na wenzake, wanapiga roki nzito, ile ya hevi metali, magitaa yananguruma kama mashine ya kusaga, na nyimbo zote ni za maharamia: meli kutekwa, hazina kufukiwa, nahodha kusalitiwa. Bahari yenyewe mkwe hajaiona. Mimi niliiona zamani, nikamwambia haina kelele kiasi hicho. Akacheka tu. Wenzake humwita Nahodha, na Nahodha lazima awe na kiraka cheusi kwenye jicho la kushoto. Ndivyo alivyochorwa kwenye bango lao.

Tena wana desturi. Wimbo wa mwisho, ubao mwembamba hulazwa kutoka jukwaani hadi kwenye meza iliyo katikati ya watu, na Nahodha huupita akiimba, kama anayekwenda kutoswa.

Sasa, karibuni cheche ilimrukia jicho la kulia. Daktari akasema hilo limebaki la kuonea ukungu. Wenzake hakuwaambia. Mimi nilijua siku alipomimina chai nje ya kikombe. Binti yangu akafuta meza, kisha maneno yakamtoka.

"Baba watoto, jicho zima unalifunika, bovu unaliacha wazi! Ubao utaupitaje?"

"Watu wananijua kwa kiraka cha kushoto."

"Watakujua kwa machela. Kihamishe!"

"Haramia gani anahamisha kiraka?"

"Basi acha ubao."

"Nikiuacha, mpiga ngoma atauliza. Akijua, watatafuta nahodha mwingine." Akanigeukia. "Baba, sema na binti yako."

"Mimi nakula kwenu wote wawili," nikasema.

Jumamosi nikajisogeza karibu na ile meza. Asubuhi yote alikuwa ameinamia geti, mabega yameshuka kama nguo iliyoloa. Wimbo wa mwisho ukaanza. Akaupapasa ubao kwa ncha ya buti, akasimama. Magitaa yakawa yanarudia pale pale, yanamsubiri. Ndipo nikaona mkono unapanda. Akakivuta kiraka, akakipeleka jicho la kulia, mbele ya wote.

Mtu mmoja akapaza sauti: "Nahodha, upofu umehama nyumba!"

"Paa lilikuwa linavuja!" akajibu kwenye maikrofoni.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Akaupita ubao polepole, anaimba, mpaka mezani. Nilimshika mguu mpaka akasimama sawasawa.

Baadaye mpiga ngoma akaja, jasho linamtiririka. "Ule mchezo au kweli?"

"Kweli. La kulia limekwisha."

"Ungeanguka, mjinga wewe, na wimbo haujaisha." Akaanza kulikunja bango. "Hili tutalichora upya. Na ubao tutatafuta mpana."

Njiani kurudi mkwe alinishika bega, kiraka hajakivua. Akafika ngazini, akavua buti moja, akaegemea mlango.

"Baba, nimechoka."

"La pili, mkwe wangu," nikamwambia. Alikuwa ameshalala, nikainama nikamvua mwenyewe.