Nilivyoanua Nguo za Jirani Uingereza

Safari hii aliianzisha dada yangu Shiru, tena alinipigia simu nikiwa nimeinamia beseni, mikono imejaa povu. Shiru yuko Uingereza mwaka wa tisa sasa, anahudumia wakongwe katika nyumba moja ya kulelea wazee.

"Wanja, hapa kazini kwangu wamekubali kukuchukua," akaniambia. "Lakini sikuambii uje kuishi. Kuja kwanza utembee wiki tatu, uone na macho yako, halafu useme ndio ama hapana. Tikiti wachia mimi."

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa. Kwa kazi ile, sheria za huko hazimruhusu mtu kwenda na familia yake. Nikisema ndio, ningewaacha mume wangu na binti yetu Kui, wa miaka saba, hapa mtaani Tassia, Nairobi, na sijui ningewaona tena lini. Baba Kui hufanya vibarua kwenye viwanda vya Industrial Area. Siku nyingine anaitwa langoni, siku nyingine anarudishwa. Aliposikia habari ya kazi hiyo alishika kichwa kwa furaha, na kesho yake wenzake wote pale langoni walikuwa wameshajua.

Jumamosi asubuhi, siku ya kuondoka, jirani yetu Mama Hamdi aliniletea kopo la majani ya chai aliyoyachanganya mwenyewe na iliki. Mlango wake unatazamana na wetu. Huuza vitambaa sokoni Eastleigh, na binti yake Hamdi alihamia Amerika zamani.

"Enda uone, Mama Kui. Macho hayana pazia," akasema. "Mtoto usijali, tuko. Na nguo zenu nitaanua."

Hilo la nguo si jambo dogo kwetu. Ghorofa letu lina nyumba nyingi, na kamba zote ziko juu kwenye paa. Mvua ya Nairobi haipigi hodi. Tone la kwanza likianguka, aliye karibu na ngazi hupiga ukelele, "Mvuaaa! Nguo!", na yeyote aliye nyumbani hupanda mbio kuanua, si zake tu, ni za kila mtu. Ukirudi jioni unazikuta zimekunjwa juu ya kiti mlangoni pako. Hakuna anayeshukuru sana, kwa maana kesho ni wewe. Mimi na Shiru tulilelewa hivyo hivyo kule mtaa wa Umoja, ambako kamba zilikuwa nyuma ya nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko watoto wote wa mtaa, na mama alizoea kusema hata mawingu yanamwogopa.

Saa nne na nusu ndege ikapaa. Miaka yote nimeziona ndege hizi kwa chini, matumbo tu, zikipita juu ya paa letu na kutukatiza maneno. Sasa nilikuwa dirishani, nikilitafuta paa hilo. Mapaa yalikuwa yanafanana, matangi meusi na rangi rangi za nguo kwenye kamba, na kabla sijalipata tukaingia mawinguni. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Shiru alinipokea uwanjani. Alikuwa amekonda, na koti lake lilikuwa zito hata nilipomkumbatia sikumpata vizuri. Nyumba yake ni ya matofali, katika safu ya nyumba zinazofanana, kila moja na kibustani na ua mfupi wa mbao. Kilichonishangaza ni kimya. Kwetu kimya cha namna ile ni cha matanga.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Wako ndani."

Sitawadanganya, niliona mengi mazuri. Maji hayakatiki, na sikubeba mtungi hata mmoja siku zote nilizokaa. Siku ya tatu Shiru alinipeleka kazini kwake, nikamwona akimlisha bibi mmoja uji kwa subira ambayo sikujua anayo. Mzee mwingine alinishika mkono akakataa kuuachia mpaka nilipomwimbia wimbo wa kanisani. Hakuelewa neno hata moja, lakini alifurahi. Ni kazi ya heshima. Nilimfikiria Baba Kui akirudishwa langoni, nikafikiria karo ya Kui ya miaka ijayo, na jioni hiyo, moyoni, nikawa nimeshasema ndio.

Siku ya tano, saa sita mchana, Shiru akiwa kazini, nilikuwa jikoni naosha vikombe. Nikatazama nje. Kwa jirani kulikuwa na nguo kambani, shuka mbili, blauzi na gauni la kulalia, zimekauka zinapepea. Tone likagonga kioo, kisha la pili.

Sikufikiri. Nilifungua mlango nikapiga ukelele, "Mvuaaa! Nguo!", kwa Kiswahili, katika mtaa ule wa kimya, halafu nikavuka ua. Nilianua zote kwa pumzi moja, vibanio nimevibana kwa meno, nikazikunja vizuri, nikawa natafuta kiti mlangoni nikaziweke. Hapo mlango ukafunguliwa. Bibi mwenye nywele nyeupe akaniona nimekumbatia gauni lake la kulalia.

Nikaanza kumweleza, lakini kwanza ilibidi niteme vibanio. Kiingereza changu chote cha shule kilinikimbia. Alichukua nguo zake akafunga mlango, na nikasikia akitia komeo.

Baada ya nusu saa walikuja polisi wawili. Walikuwa na adabu. Niliwaonyesha mvua, nikawaonyesha kamba, nikawaeleza habari za paa la Tassia, na mmoja wao, kijana, akageuka upande ili asinichekee usoni. Waliandika jina langu wakaenda zao. Jioni tulikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango. Bibi aliandika: asante, lakini siku nyingine ziache zilowe.

Nilipomweleza, Shiru alinigombeza hata kabla hajavua koti.

"Wewe uko na akili kweli? Miaka tisa sijawahi kuletewa polisi! Leo unaniletea!"

"Si zingelowa?"

"Wacha zilowe! Huku kila mtu na nguo yake!"

"Kwani anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo jirani."

Hakuwa anajua. Akaketi pale pale kwenye ngazi, koti mwilini, akaanza kulia kama tulivyokuwa tukilia utotoni, bila kujificha.

"Mwaka wa kwanza nami nilipiga ukelele," akasema. "Hapo tu dirishani. Mvua ikikuja, mdomo ukaenda wenyewe. Hakuna mtu alitoka."

Nilimpikia chai ya Mama Hamdi. Tulikunywa birika zima, na hatukuzungumzia tena ile kazi mpaka wiki zikaisha.

Nilitua nyumbani alfajiri ya Jumapili, Kui akanirukia shingoni. Baba Kui nilimwambia siku hiyo hiyo kwamba siendi.

"Na vile nimeambia watu wote?" akauliza.

"Utawaambia tena."

Siku mbili alitoka alfajiri bila kuniaga, na simlaumu. Huenda siku moja Kui atarudishwa nyumbani kwa kukosa karo nami nijute. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na mwanangu bado ananihitaji karibu.

Jumatano, saa nane mchana, nikampigia Shiru kumpa jibu. Badala ya jibu nikaanza kuuliza habari za baridi. Ndipo sauti ya Mama Hamdi ikateremka ngazi: "Mvuaaa! Nguo!"

"Ni mvua hiyo?" Shiru akauliza.

"Ni mvua. Nitakupigia."

"Usikate! Weka simu mfukoni uende!"

Tukapanda mbio, mimi na Kui na Mama Hamdi na fundi mmoja wa viatu wa ghorofa ya tatu. Mvua ilikuwa ya kweli. Tulipojisitiri penye ngazi, kila mtu amebeba mzigo, nikatoa simu.

"Bado uko?"

"Niko." Alikuwa anahema kama aliyepanda nasi. "Mmemaliza zote?"

"Zote."

"Hata za Mama Hamdi?"

"Hata zake."

"Basi usikuje, Wanja," akasema. "Nitawaambia wapatie mtu mwingine. Lakini Desemba nakuja mimi. Mniwachie mahali kwa kamba."

Kui alikuwa amesikia. Kesho yake alimwomba babake kipande cha kamba, naye akamfungia kule juu ya paa, kati ya tangi na nguzo. Hapo hakuna anayeruhusiwa kuanika mpaka Desemba. Hata Mama Hamdi alijaribu, akafukuzwa.