Epo la Mwalimu

Siku hizi mtu akipanda kutoka Lushoto mjini kuja kwetu kutafuta mche wa epo, hasemi anataka mche wa epo. Anasema anataka la Mwalimu. Mwalimu ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, na kitu pekee alichofanya kwa ajili ya epo hilo ni kutema mbegu zake. Kazi nyingine yote niliifanya mimi. Naandika haya nikiwa na wivu, na sioni sababu ya kuuficha, maana hata nikiuficha unanuka.

Nyuma ya nyumba ya mama kuna mti wa epo wa zamani, ambao marehemu baba alipewa mche wake misheni akiwa kijana. Matunda yake ni machachu mpaka yanakunja uso, lakini yana harufu ambayo sijaikuta kwenye epo lolote la dukani. Weka machache mezani, nyumba nzima itanukia mpaka uvunguni mwa kitanda. Wenzangu waliolewa wakaenda zao, mimi nikabaki na mama, kabichi, karoti na mti ule. Nikawa na hamu moja tu: epo lenye harufu ile na utamu wa dukani, litoke mkononi mwangu, na watu waliite kwa jina langu. Sikujaliwa mtoto ambaye watu wangeniita mama yake. Basi nilitaka epo.

Nilinunua mche wa kisasa wa lile epo tamu la dukani, wa kubebesha, nikaupanda ng'ambo ya mfereji. Kubebesha ni kuchukua kijiti cha mti mzuri na kukifunga juu ya mche mwingine uliokatwa kichwa, mpaka viungane, wa chini umbebe wa juu kama mama na mtoto mgongoni. Ulipokomaa nikaanza kazi. Baridi yetu haitoshi kuuambia mti wa epo kwamba ni wakati wa kulala, kwa hiyo unaulazimisha: unapanda ngazi, unanyonyoa majani yote kwa mkono, unauacha mtupu. Majirani walinicheka kwamba nanyonyoa kuku ambaye hajachinjwa. Lakini miti yote miwili ilichanua pamoja. Nikachukua unga wa maua ya mti mpya kwa unyoya wa kuku, nikaupaka kwenye maua ya mti wa baba, ili mbegu zitakazotoka zibebe harufu ya huku na utamu wa kule, kisha nikayafunika kwa vipande vya chandarua ili nyuki wasiniharibie. Matunda yaliposhika, niliyafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo nisije nikayachanganya na mengine.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la huku kwetu. Uzi mwekundu juu ya mti wa matunda, kwa macho ya watu wetu, ni kago, dawa ya kulinda shamba. Mwizi akichuma, anavimba tumbo. Mimi nilikuwa nimeona kwenye simu mtu wa nchi za mbali akifunga uzi, nikafunga, wala kago halikunipitia kichwani. Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu ilipofika, hakuja mtu. Mama alipanga viti, akakaa navyo peke yake, akavirudisha ndani.

Kisha akaja mzee wa kanisa. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Binti yangu," alisema, "tumesikia kwenu kumefungwa kago. Na nyumba ya mama yako tunaijua ni nyumba ya sala."

Nikaanza kumweleza habari za maua, chandarua na unyoya wa kuku. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mganga.

Wifi yangu alikuwa bibi harusi bado. Ni mtu wa Tanga mjini, amepangiwa kufundisha shule ya msingi ya hapa, na mdogo wangu hakuchelewa kumposa. Alitoka jikoni kajifunga kanga kiunoni. "Shikamoo baba," akasema, akapita moja kwa moja mpaka kwenye mti. Mvua ya mawe ilikuwa imeniachia matunda mawili tu yenye uzi. Akachuma lile kubwa, akakata uzi kwa meno, akang'ata.

"Nikivimba mnizike huku huku," alisema huku anatafuna. "Wifi yangu hana uganga wala nini." Halafu akalitazama lile tunda. "Mbona gumu hivi? Kwetu tofaa ni laini."

Kwao Tanga tofaa ni lile tunda jekundu la majimaji, jepesi kama sifongo, na alipoambiwa kwetu kuna matofaa alidhani ni hilo. Mzee wa kanisa akacheka mpaka akaketi. Jumapili iliyofuata jumuiya ilijaa sebuleni, na sifa zote zilikuwa za bibi harusi asiyeogopa. Mimi nilikuwa nawaza lile epo. Mbegu zake alikuwa amezitemea kwenye beseni la vyombo, na maji akayamwaga chini ya kichanja. Ningemgombeza vipi mtu aliyeniokoa? Nilimshukuru.

Mbegu za lile epo dogo lililobaki nilizitunza kama yai. Nilizikunja kwenye kitambaa chenye unyevu, nikaomba nafasi kwenye friji la soda la dukani ili zipate baridi, nikazihamishia kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya miche, nikazijengea kivuli. Miche ilipotosha nikaipanda kwa mstari kando ya shamba la karoti. Niliipalilia, niliiwekea samadi, niliisemesha. Na chini ya kichanja cha vyombo, penye matope na povu la sabuni, ukaota mmoja ambao hakuna aliyeupanda. Nilitaka kuung'oa. Wifi akasema tuuache, ukikua atatundikia matambara yake.

Miaka ikaenda. Wifi akazaa, mama akaanza kuitwa bibi na macho yake yakahamia kwa mtoto, na hilo nalo nililionea wivu. Mtoto alipoanza shule, miti ikaanza kuzaa. Wangu wa kwanza ulitoa matunda machachu kuliko ya baba. Wa pili ulitoa kitu kama kiazi kibichi. Mingine sina haja ya kuieleza. Mbegu za epo ndivyo zilivyo, hata za tunda moja hazifanani, kila moja inakuja na tabia yake. Nilijua hivyo tangu mwanzo, lakini kujua hakukunisaidia.

Ule wa kichanjani ulitoa epo jekundu upande mmoja, la njano upande wa pili. Mama alilimenya, akatafuna kipande taratibu kwa meno yaliyobaki. Kisha akasema kwa Kishambaa kwamba ni epo la baba yenu, ila limetiwa sukari. Akanipa kipande. Nilikitia mdomoni nikajua kabla sijameza. Harufu ilikuwa ile, na utamu ndio ule niliokuwa nautafuta. Kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui. Wanasema mchumia juani hula kivulini, lakini mimi nilichumia juani na mwenzangu akala kivulini.

Nilisema. Msidhani nilinyamaza. Nilisema hilo ni tunda la unyoya wangu na ngazi yangu. Wifi akaitikia mbele ya watu wote, "Ni kweli kabisa, ni la wifi." Alilisema kanisani, alilisema shuleni, huku akiwagawia walimu wenzake vipande. Na walimu wakarudi makwao wakisema wamekula epo la Mwalimu. Jina halimsikilizi mtu. Angekuwa mchoyo, ningemchukia nikapumzika. Lakini alikuwa ananiletea la kwanza kuiva kila msimu, limeoshwa, kwenye sahani, na shikamoo juu yake.

Mwaka jana, baridi ilipoanza, nilipita kichanjani nikaona gome la ule mti limevimba karibu na ardhi. Nililibonyeza kwa kidole likatoka, chini yake pamelowa na panatoa harufu ya togwa lililochacha. Maji ya vyombo yalikuwa yameoza shina. Msimu mwingine usingeuona. Na katika nyumba ile, aliyejua kusoma gome nilikuwa mimi peke yangu.

Sikumwambia mtu. Niliendelea na karoti zangu, na niseme ukweli, nilikuwa na amani. Mti utakufa, jina litakufa nao, watu watasahau. Nilipika vizuri siku zile. Nilicheka mezani hadi mama akaniuliza nimepata habari gani.

Jioni moja nikaokota epo lililodondoka, la mwisho wa msimu, nikakaa kizingitini kulila. Nililila lote na moyo wake. Nilipomaliza, nikaona wivu mpya, sijui niuite nini. Niliuonea wivu hata huo uozo. Tunda nililolitafuta miaka yote nilione linachukuliwa na maji ya sufuria? Kama ni kunyang'anywa, afadhali ninyang'anywe na mtu.

Asubuhi nilimkuta wifi anaosha vikombe.

"Mti wako unakufa," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini, akauangalia mti, macho yakamjaa machozi. "Hakuna dawa, wifi?"

"Kuna kuubebesha."

"Juu ya mti gani?"

"Juu ya ile yangu."

Alitazama mstari wangu kando ya karoti. "Wifi, ile si ndiyo uliyoihangaikia?"

"Ndiyo hiyo."

Nilinoa kisu. Niliikata vichwa miti yangu yote, mmoja baada ya mwingine, na sikubakiza hata tawi la ukumbusho, kwa sababu tunda kama kiazi halina wa kulikumbuka. Kazi ile inataka mikono minne. Mimi nilichanja na kufunga utepe wa nailoni, yeye alishika kiungo kisisogee. Vijiti vilivyosalia nilivibebesha kwenye miche midogo ya viribani. Mti wa kichanjani ukakauka kabla ya mvua. Nilivyofunga vilishika, karibu vyote. Kila asubuhi nilikwenda kuvikagua kabla sijanawa uso, nikiomba Mungu visinyauke, na katikati ya maombi nakumbuka naomba kwa ajili ya jina la mtu mwingine.

Juzi amekuja bwana mmoja kutoka Gare. Alinikuta nimepiga magoti kwenye viriba, udongo mpaka viwikoni.

"Mwalimu yupo?" akauliza. "Nimefuata mche wa epo lake."

"Yuko shule."

"Basi nimsubiri. Au wewe unaruhusiwa kuuza?"

Nilimchagulia mche ulioshika vizuri kuliko yote. Aliuzungusha, akaupenda, akanitazama kwa wema.

"Unamtunzia vizuri. Wewe ni mfanyakazi wake?"

"Mimi ni wifi yake," nikasema, nikamwambia aubebe kwa kiriba, asiushike kwenye kiungo.